UZI: Mlima haukingi upepo tu, mara nyengine ndio unaoupa nguvu. Na vilima vyetu vya Pemba navyo vimo

Mwalimu wa Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja, Pemba na mlio nje.

Kusi imeanza, na maneno mawili yanarudi kila mwaka mabarazani. La kwanza: mlima hukinga upepo. La pili: sisi visiwani hatuna milima, basi habari za upepo wa milimani tuwaachie wenyewe. Nimesomesha jiografia muda mrefu na maneno haya nayakuta hata kwenye madaftari ya wanafunzi. Yote mawili yana ukweli nusu, na ile nusu iliyobaki ndiyo inayoezua mapaa. Nitaandika kwa mapana. Mwenye suali aulize.

Tuanze na mlima mkubwa, kisha tutarudi kwetu.

Hewa ina uzito, na hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto. Siku ambayo hewa baridi imelala chini na juu yake pana tabaka la hewa ya joto, lile tabaka la juu linakuwa kifuniko. Upepo ukivuma kuelekea safu ya milima, hewa ya chini inalazimika kupanda. Ikifika juu imekuwa nzito kuliko hewa iliyo pembeni yake, kwa hiyo inataka kushuka. Mambo yakikutana vibaya, haishuki kwa utaratibu. Inaporomoka kwenye mteremko wa upande wa pili ikiwa tabaka jembamba linalokwenda mbio, na kasi yake chini ya mlima inaweza kuwa maradufu ya ile iliyokuwa nayo kabla ya kuupanda.

Mvuvi anayepita juu ya mwamba wakati wa kupwa, siku za bamvua, ameshayaona haya kwa macho yake. Maji yanayoufikia mwamba ni mengi na yanakuja polepole. Yakishavuka mgongo wa mwamba yanakuwa membamba, laini, na yanakimbia. Mbele kidogo yanavunjika kwa povu na kuinuka tena. Kwenye wembamba ndipo mtumbwi unapokokotwa, na kwenye povu ndipo unapopinduliwa. Wala sisemi haya kwa kurahisisha: hesabu inayotumika kwa maji yale na kwa hewa hii ni ya ukoo mmoja. Katika miaka ya 1950 mtafiti wa Marekani, Robert Long, alikokota vizuizi ndani ya tangi lenye vimiminika vya uzito mbalimbali, akaonesha jinsi tabaka la chini linavyoshuka kwa kasi nyuma ya kizuizi na kisha kuruka juu kwa fujo.

Kwa hiyo nyuma ya mlima, mahali ambapo sote tungekimbilia kujikinga, ndipo panapoweza kuwa pabaya kuliko pote.

Mji uliofunza dunia jambo hili ni Boulder, jimbo la Colorado, chini ya milima ya Rocky kwa upande wa mashariki. Tarehe 11 Januari 1972 ndege za utafiti ziliruka juu yake dhoruba ikiwa inaendelea. Douglas Lilly na Edward Zipser wakachora walichokiona: hewa ya kutoka kilomita kadhaa juu ilikuwa imeshuka karibu na ardhi, na huko juu zaidi wimbi la hewa lilikuwa limesimama wima mpaka likavunjika. Kuvunjika kule si jambo la pembeni. Wimbi likivunjika juu, hewa iliyokorogeka inakuwa dari nyengine, na nguvu iliyokuwa ikipanda inarudishwa chini kwenye mteremko. Upepo wa chini unazidi.

Hapo ndipo yanapotoka mapigo. Wimbi halivunjiki mara moja likaisha. Linajijenga na kubomoka, na chini upepo unapiga, unalegea kwa dakika chache, kisha unapiga tena kwa nguvu ile ile au zaidi. Aliyetoka nje kwa kudhani umekwisha ndiye anayepigwa na mbao. Tafadhalini mulishike hili, kwa sababu hata kusi yetu ya kawaida ina tabia ya kulegea na kurudi.

---

Mvuvi wa Msuka

Wa alaykum salaam mwalimu. Maneno yako ya mwamba nimeyafahamu barabara. Suali langu: sisi wa upande wa Kigomasha siku ikiwa safi, magharibi jua likitua, tunaiona milima ya Usambara ng'ambo ya mkondo. Ile ni milima hasa. Jee, inatuletea upepo huo unaousema?

---

Mwalimu wa Wete

Suali zuri ami, na jawabu ni hapana, kwa sababu ya mwelekeo. Ili mlima ukuporomoshee upepo lazima uwe upande unakotoka upepo, na wewe uwe nyuma yake. Kusi inatoka kusini na kusini-mashariki, kaskazi inatoka kaskazini-mashariki. Katika misimu yote miwili Pemba iko mbele ya Usambara, upepo unatupitia sisi kwanza. Ukifika kule unapanda, unapoa, unamwaga mvua. Ndiyo maana Amani kuna msitu wa mvua, na upande wa pili wa milima hiyo, kuelekea Mkomazi, ni nchi kavu.

Kinachotoka kwao kuja kwetu ni umande wa alfajiri tu, ule upepo wa bara unaoshuka usiku nchi inapopoa. Huo munaujua wenyewe, mpole, munautumia kutokea nje.

---

Kijana wa Darajani

Mwalimu heshima yako, lakini Boulder na Zanzibar wapi na wapi? Kule milima inapita mita 4,000. Huku Masingini ndiyo juu kabisa Unguja, nayo ni kama mita 120 tu.

---

Mwalimu wa Wete

Nilikuwa nakusubiri wewe, mwanangu.

Kwanza urefu. Tarehe 16 Februari 1962 mji wa Sheffield, Uingereza, ulipigwa na upepo ulioharibu nyumba zaidi ya 100,000. Siku hiyo upepo ulikuwepo sehemu nyingi za nchi, lakini Sheffield ulizidi mno. Vilima vya Pennines vilivyo magharibi ya mji ule havifiki mita 700. Tabaka za hewa juu yake zilikuwa zimepangika kwa namna iliyotengeneza mawimbi nyuma ya vilima, na mji ukaangukia pale wimbi linaposhuka. Urefu wa mlima peke yake hautoi hukumu. Mtu atazame upepo unaukata mgongo wa mlima kwa pembe gani, kifuniko cha hewa ya joto kiko kimo gani, na mteremko wa nyuma una ukali gani.

Sasa Masingini. Nakubali wazi kwamba kilima cha mita 120 hakitatuletea dhoruba ya aina ya Boulder. Lakini kina kazi nyengine, na hii ndiyo sababu khasa ya kuufungua uzi huu.

Huko Scotland, kisiwa cha South Uist, kuna kilima kinaitwa Askervein. Urefu wake mita 116. Mwaka 1982 na 1983 watafiti walikipanda kwa milingoti ya vipima upepo, kuanzia uwanda ulio mbele yake mpaka kileleni. Walichokuta: mita 10 juu ya ardhi, upepo wa kileleni ulikuwa na kasi karibu mara 1.8 ya ule wa uwandani. Kisiwa, bahari mbele, kilima kisichofika urefu wa Masingini.

Sababu yake ni nyepesi. Hewa inayovuka kilima inabanwa baina ya ardhi inayoinuka na hewa iliyo juu isiyotaka kusogea, na ili ipite yote lazima ikimbie. Hapa hapahitajiki baridi, wala wimbi kuvunjika, wala msimu maalumu. Kila siku yenye upepo inafanyika, Mtambwe, Mkoani, Masingini, popote penye mgongo.

Na nguvu ya upepo kwenye paa haiongezeki sawa na kasi, inaongezeka kwa kipeo cha pili. Kasi ikizidi mara 1.8, nguvu inazidi mara 3.2 na zaidi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, mtu wa bondeni na mtu wa kileleni hawakusikia tangazo moja, ingawa redio ni moja.

---

Bibie wa Mkoani

Subhanallah. Mwalimu umenigusa. Nyumba yetu iko juu kabisa mgongoni, tunaona bahari pande mbili. Mwaka uliopita kusi iliezua mabati ya upande mmoja. Jirani yangu wa bondeni, mabati ya duka lile lile, fundi yule yule, hakutikisika hata msumari. Watu wakasema mengi, wengine wakataja hasadi. Mimi nikaambiwa nimeuziwa mabati mabovu.

---

Mwalimu wa Wete

Pole sana dada yangu. Siwezi kuyahukumu mabati nisiyoyaona, lakini mahali ulipojenga panatosha kuwa sababu.

Kuna hesabu ya kukadiria, mtu anaweza kuifanya kwa miguu. Chukua urefu wa kilima kutoka bondeni. Kisha tafuta umbali wa ulalo, kutoka kileleni mpaka pale kilima kinapobaki nusu ya urefu wake. Gawa urefu kwa umbali huo, zidisha kwa mbili kama ni mgongo mrefu, au pungufu kidogo kama ni kilima cha mviringo. Mgongo wa mita 50 unaofika nusu yake kwa umbali wa mita 150 unatoa theluthi mbili, yaani kasi inaongezeka kwa theluthi mbili: upepo wa uwandani ukiwa kilomita 40, pale juu unakaribia 67. Hesabu hii inafaa kwa miteremko ya wastani. Mteremko ukiwa mkali sana hewa inajitenga na ardhi na kasi haiongezeki tena kwa kanuni hiyo.

Pemba ina vilima vifupi ila vimekatika kwa karibu, bonde la mpunga hapa, mgongo pale, bonde tena. Hivyo havifiki mita 100, lakini kinachotafutwa kwenye hesabu ni mteremko. Miti inapunguza. Askervein ni kitupu, majani tu, na sisi tuna mikarafuu na minazi inayouvunja upepo. Kwa hiyo tusiichukue 1.8 kama ilivyo. Ila mgongo uliofyekwa ukabaki na nyumba peke yake unaanza kufanana na Askervein.

Ukitaka mfano wa watu wa kisiwani, tazama Bermuda. Kilima chao kirefu kabisa hakifiki mita 80. Kimbunga Fabian kilipowapiga Septemba 2003, watafiti walilinganisha mapaa yaliyoharibika na umbo la ardhi, wakakuta sehemu ambazo vilima viliongeza kasi ndizo zilizoumia zaidi.

---

Kijana wa Darajani

Nimekubali mwalimu. Basi upepo mkali kuliko wote uliopimwa ulikuwa mlimani?

---

Mwalimu wa Wete

Kwa zaidi ya miaka 60 ndiyo. Mlima Washington, New Hampshire, tarehe 12 Aprili 1934, kilomita 372 kwa saa, kwenye mlima wa mita 1,917 tu. Uliovunja rekodi hiyo ni upepo wa kimbunga Olivia, kisiwa cha Barrow, Australia, tarehe 10 Aprili 1996: kilomita 408. Na Barrow ni kisiwa cha chini, hakina mlima wa kusema. Kwa hiyo tusitoke hapa tukiamini kuwa tambarare ni salama. Unguja ilishapigwa Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, minazi na mikarafuu ikalala na majahazi yakavunjika bandarini. Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba. Kimbunga kile hakikuhitaji mlima.

Kuhusu vimbunga na milima, jawabu lina pande mbili. Kimbunga kizima kikiingia nchi ya milima hudhoofika, kwa sababu kinakatwa na bahari inayokilisha na mzunguko wake unavurugika. Lakini wakati kinadhoofika, kwenye migongo na kwenye midomo ya mabonde upepo wa mahali pale unaweza kuzidi ule wa pwani.

---

Nahodha mstaafu

Assalaam alaykum. Nimesoma mpaka hapa nikaona nichangie la baharini, maana mwalimu amezungumza upepo unaopita juu ya mlima na hakusema unaopita pembeni.

Anayekwenda Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, msimu wa kusi anajua. Karthala ni mlima hasa, zaidi ya mita 2,300. Upepo hauwezi kuuvuka wote, unagawika. Nyuma ya kisiwa unakuta bahari shwari, tanga linaning'inia, na mabaharia wageni wanafurahi. Ukishafika ncha ya kisiwa unakutana na upepo uliozunguka, umekusanyika, unakupiga ubavuni bila salamu. Asiyepunguza tanga kabla ya ncha anavunja foromali, ule mti unaobeba tanga, au anapindua chombo. Wazee wetu walitufunza: ukiona bahari ya mbele imebadilika rangi na vichwa vyeupe vimejipanga mstari, hapo ndipo kivuli cha mlima kinapokatika. Punguza sasa, usingoje.

Na Bukini (Madagaska) ya kaskazini, karibu na Diego Suarez, kuna upepo wenyeji wanauita varatraza. Ni kusi hii hii yetu, lakini kule ina hasira nyengine.

---

Mwalimu wa Wete

Ahsante sana nahodha. Umesema kitu ambacho vitabu vinakieleza kwa kurasa nyingi.

Varatraza ni mfano bora. Bukini ina uti wa milima kutoka kusini mpaka kaskazini, na mlima wake mrefu, Maromokotro, mita 2,876, uko huko kaskazini. Pepo za kusini-mashariki zinazovuka Bahari ya Hindi zinaugonga uti ule. Sehemu inazuiwa, inateleza kuelekea kaskazini na kutokea kwenye ncha ikiwa imeongezeka kasi. Kisha inakuja kwetu. Kwa hiyo kusi tunayoipokea Pemba na Unguja imeshapita mkononi mwa milima kabla haijatufikia.

Na ikishatufikia inakutana na milima mengine. Nyanda za juu za Afrika Mashariki zinauzuia upepo usitawanyike magharibi, unapinda kufuata pwani, unakazana, na kuelekea Somalia unakuwa mto wa hewa wenye kasi kubwa kimo cha kilomita moja na kitu juu ya ardhi. John Findlater wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza ndiye aliyeuelezea kwa kina mwaka 1969, na wataalamu wengi wanauita kwa jina lake. Ikiondolewa milima hii kwenye ramani, kusi haitakuwa kusi tunayoijua. Kwa hiyo yule anayesema "hatuna milima, hayatuhusu" ajue kwamba milima ya wenzetu inatuendeshea msimu mzima wa bahari.

Kuna namna nyengine tena, upepo kupita baina ya milima miwili. Kaskazini ya Kenya, pale nyanda za juu za Ethiopia zinapoachana na za Kenya, upepo wa kusini-mashariki unabanwa kwenye uwazi ule na kuvuma karibu mwaka mzima. Wakenya wamepanda mitambo 365 ya umeme wa upepo karibu na Ziwa Turkana, megawati 310. Nguvu ile ile inayovunja, wao wanaiuza.

---

Mtalii wa nyumbani

Mwalimu, nasafiri sana kwa ndege. Jee, rubani anayaona hayo mawimbi?

---

Mwalimu wa Wete

Mara nyengine mawingu yanamuonesha, yenye umbo la jicho la samaki, yamesimama mahali pamoja ingawa upepo unapita ndani yake. Mara nyengine mbingu ni nyeupe kabisa. Tarehe 5 Machi 1966 ndege ya abiria ya Uingereza ilivunjika hewani karibu na mlima Fuji, Japani, siku safi, watu wote 124 wakafariki. Chanzo kilikuwa mtikisiko mkali wa hewa nyuma ya mlima. Tangu hapo marubani wanafunzwa kuyatazama mawimbi haya kwa uzito, na njia za ndege na utabiri vinayazingatia.

---

Fundi Bati, Chake

Mimi nimejenga mapaa Pemba tangu ujana. Naomba tuzungumze dawa. Dada wa Mkoani afanye nini? Maana kuhama mgongoni hawezi.

---

Mwalimu wa Wete

Fundi, hapa wewe ndiye mwalimu, mimi nitasema ya upepo tu na wewe unirekebishe.

Upepo unaovuka paa hausukumi tu, unafyonza. Mfyonzo mkubwa uko kwenye kingo, kwenye pembe na karibu na kilele cha paa. Kwa hiyo misumari iliyopigwa kwa nafasi sawa paa zima inatosha katikati na haitoshi pembeni. Upenu mrefu unaotokeza nje unapokea upepo kutoka chini na kuliinua paa. Baraza yenye paa lililoungana na la nyumba, ikiinuka, inaondoka na paa zima.

---

Fundi Bati, Chake

Sahihi kabisa, na nitaongeza. Watu wanaipa fedha bati, hawaipi fedha kamba inayolifunga. Paa linaondoka pamoja na papi zake, zile mbao zinazopigiliwa bati, bati lenyewe halijachanika. Maana yake papi hazikushikwa na kenchi (fremu za mbao za paa), na kenchi hazikushikwa na lenta (mkanda wa zege juu ya kuta). Wakati wa kumwaga lenta acha nondo zitokeze, uzikunje juu ya mbao za kenchi, au tumia ukanda wa chuma uliopigwa misumari pande zote mbili. Kwenye papi za mwisho, upande wa upenu, piga msumari kila mgongo wa bati badala ya kuruka. Nyumba ya mgongoni mimi napendelea paa la miteremko minne, si la miwili yenye kuta za pembetatu, maana ile pembetatu ndiyo inayopokea kusi kifuani. Baraza ijengewe paa lake mbali, likienda liende peke yake.

Gharama yake si kubwa ikifanywa wakati wa kujenga. Kulifungua paa lililokwisha ndiyo kazi.

---

Bibie wa Mkoani

Allah akulipeni. Fundi, nyumba ina lenta lakini nondo hazikutokezwa. Inawezekana kurekebishwa bila kuvunja?

---

Fundi Bati, Chake

Inawezekana dada. Tunatoboa lenta kwa dirili, tunapitisha boliti, tunafunga ukanda wa chuma kutoka kwenye kenchi mpaka ukutani kwa ndani. Si lazima kila kenchi kwa siku moja: anza na za pembeni mbili kila upande, na zilizo upande wa kusi. Mikarafuu yako ya upande huo usiikate. Niandikie faragha, nije nitazame kabla ya Julai.